Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji

Yah: Kampuni ndogo zitueleze fedha zao zimebaki za miezi mingapi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia nikiwa mwanahisa mdogo, mmoja wa watu wengi wanaonunua hisa za kampuni changa ambazo bado hazina mauzo: zinazotafuta madini, zinazojaribu dawa mpya, zinazotengeneza programu isiyo na wateja bado. Siombi nirudishiwe hasara niliyopata. Nina ombi moja kwa ofisi yako, ila kwanza nieleze limetoka wapi.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa za kampuni ya kutafuta madini. Sikufuata uvumi. Nilisoma ripoti zao, nikaangalia leseni zao, nikaridhika kwamba wanachoronga kweli, yaani wanatoboa ardhi kutafuta madini. Na kweli walichoronga. Hakuna aliyenidanganya. Pamoja na hayo, baada ya miaka mitatu sehemu yangu katika kampuni ile ilikuwa imebaki moja ya tano, na sikuwa nimeuza hata hisa moja.

Wewe unajua ilivyotokea, lakini wengi watakaoisoma barua hii hawajui. Kampuni isiyo na mapato hula mtaji wake. Inalipa wachorongaji, maabara, wakaguzi wa hesabu, ada za soko na mishahara ya wakurugenzi. Fedha zikikaribia kwisha, benki haiikopeshi, kwa kuwa haina cha kulipia. Kinachobaki ni kutoa hisa mpya. Kampuni yenye hisa milioni 100 ikitoa nyingine mpaka zikafika milioni 500, aliyekuwa na hisa milioni 1 alimiliki asilimia 1, na sasa anamiliki asilimia 0.2. Ni kweli kwamba hisa mpya huingiza fedha mpya. Lakini fedha hizo zikiishia kwenye mashimo yasiyo na kitu, kilichobaki ni kampuni ileile na mradi uleule, tukiwa tumeongezeka wa kugawana.

Tena hisa mpya mara nyingi hutolewa chini ya bei ya soko ili zipate wanunuzi, na mnunuzi hupewa juu yake haki ya kununua nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Haki hizo hazionekani kwenye bei ya hisa. Zinakaa ndani ya maelezo ya hesabu, kurasa za mwisho, mpaka siku bei inapopanda kidogo na wenye haki wanapozitumia na kuuza.

Mkopo unaogeuzwa kuwa hisa ni mbaya zaidi, hasa ule ambao bei ya kugeuzia inafuata bei ya soko. Mkopo wa milioni 1 ukigeuzwa hisa ikiwa na bei ya 1, zinazaliwa hisa milioni 1. Bei ikiwa 0.10, zinazaliwa milioni 10. Mkopeshaji anageuza, anauza, bei inashuka, anageuza tena kwa bei ya chini na kupata hisa nyingi zaidi. Mwanahisa wa kawaida anaona bei inadidimia wiki baada ya wiki bila habari yoyote mbaya kutangazwa, anadhani soko limekosea, anaongeza nyingine. Nami niliongeza.

Najua ofisi yako inatumia nguvu nyingi kuwasaka matapeli, na ni sawa. Bre-X ya Kanada ilianza kama kampuni ndogo yenye hisa za bei ya chini kabisa, ikafikia thamani ya zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada kwa ajili ya dhahabu ya Busang, Indonesia. Mwaka 1997 ikabainika kwamba dhahabu ilikuwa imetiwa kwenye sampuli kwa mkono wa mtu. Mwaka 2014 nchini Marekani, CYNK Technology, kampuni isiyo na mapato, ilifikia thamani ya mabilioni ya dola katika muda wa wiki chache kabla biashara ya hisa zake haijasimamishwa. Visa kama hivi vinastahili kukumbukwa. Lakini vinatufanya tuamini kwamba tukimkwepa tapeli tumepona. Fedha zangu mimi zilipotea kihalali, huku kila karatasi ikiwa imesainiwa na kuwasilishwa kwa wakati.

Na hata anayegundua mapema hapati pa kutokea. Hisa ambayo muuzaji anaitaka kwa 10, mnunuzi anaweza kuwa anatoa 8. Ukinunua asubuhi na kubadili nia mchana, umeshapoteza asilimia 20 na bei haijasogea. Kuna wakati wiki nzima ilipita bila hisa hata moja ya kampuni yangu kuuzwa. Namba iliyoandikwa kwenye akaunti yangu ilikuwa nzuri, ila hapakuwa na mtu wa kunilipa.

Nimeangalia walichofanya wengine. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990 na kanuni zilizoifuata, dalali anatakiwa kumpa mteja waraka wa kumtahadharisha kabla ya kumuuzia hisa za bei ya chini, kwa kawaida zile zilizo chini ya dola 5 na zisizo kwenye masoko makubwa. Sipingi tahadhari, lakini waraka unasainiwa mara moja na kusahaulika, na hausemi lolote kuhusu kampuni yenyewe. Kilichonigusa ni utaratibu wa soko la hisa la Australia. Huko kampuni ya kutafuta madini hutakiwa kila robo mwaka kuonyesha fedha iliyo nazo, ilizotumia, na makadirio ya robo ngapi fedha zilizobaki zitatosha. Robo hizo zikiwa chini ya mbili, inapaswa kueleza itaendeleaje na shughuli zake.

Ombi langu ndilo hilo, na nyongeza moja. Kila kampuni iliyoorodheshwa na isiyojiendesha kwa mapato yake itangaze kila robo mwaka, ukurasa wa kwanza, mambo mawili: fedha zilizobaki zinatosha miezi mingapi kwa kasi ya matumizi ya sasa, na jumla ya hisa zitakazokuwepo iwapo kila haki na kila mkopo ungegeuzwa leo. Mhasibu wao anazo namba hizo tayari.

Kampuni zitakujia na hoja kwamba tangazo la namna hiyo litashusha bei wakati zinahitaji kuchangisha. Hoja hiyo naichukia kuliko hasara yenyewe. Maana yake ni kwamba bei ya sasa inashikiliwa na watu wasiojua. Wanaoalikwa kununua hisa mpya kwa bei ya punguzo huketi na menejimenti, huuliza fedha zinaisha lini, na hujibiwa. Sisi wa sokoni tunanunua wiki moja kabla, tukiwa tumevutwa na tangazo la matokeo mazuri ya uchorongaji, halafu Jumatatu tunakuta tangazo la hisa mpya kwa bei iliyo chini ya tuliyolipa. Hilo lilinitokea mara mbili katika kampuni moja. Laiti ningejua fedha zao zilikuwa za wiki sita tu, ningesubiri.

Kuna kampuni ndogo za kweli zinazohitaji fedha za watu kama sisi, na siombi mlango ufungwe. Shimo linaweza kutoka tupu, dawa inaweza kushindwa kwenye majaribio. Hatari hiyo niliikubali na bado naikubali. Sikukubali kununua kabla sijaambiwa kwamba kesho yake nitaombwa kugawana na wengine kwa bei nafuu kuliko yangu.

Ofisi yako ikiitisha maoni ya wadau kuhusu jambo hili, niko tayari kufika na matangazo yote ya kampuni ile niliyoyahifadhi, yakiwa yamepangwa kwa tarehe, pamoja na hesabu ya hisa pembeni ya kila moja.

Wako katika ujenzi wa soko,
Mwanahisa mdogo