Mwanangu, Jumatatu ya Pasaka usitoke nje

Mwanangu,

Marahaba. Picha za huko Poland nimeziona. Hilo sanamu lenu la majani makavu, Marzanna, mlilolivika gauni na utepe, mkalichoma na kulitupa mtoni tarehe 21 Machi ili baridi iende zake. Umeniandikia kwamba likishazama haliguswi na mtu, na wakati wa kurudi hakuna kugeuka nyuma, usije ukaugua. Sawa. Mimi sanamu sikuliangalia. Nimekuangalia wewe, shingo wazi, vifungo vya koti vyote umefungua, na ukingoni mwa mto theluji bado ipo. Kifua chako unakijua. Ya kidato cha pili siyarudii.

Baba yako ndiye aliyenung'unikia mila. Mdogo wako alipomsomea kwamba kanisa la huko Poland lilishakataza jambo hilo pale Poznań mwaka 1420 na watu wakaendelea tu, alicheka sana, akasema kumbe hata Wazungu hawasikii. Mimi halinikoseshi usingizi, maana siku hizi ni mchezo wa watoto wa shule. Linalonikosesha usingizi ni hiyo Śmigus-dyngus ya Jumatatu ya Pasaka, jina lenyewe halitamkiki. Yaani watu wazima, Pasaka haijapoa, wanamwagiana maji kwa ndoo barabarani na kucheka? Na wewe unasema unaisubiri kwa hamu!

Sisi hapa Njombe baridi hatuifukuzi. Inaingia mwezi wa sita, inakaa inavyotaka, Agosti ikielekea mwisho unaona mipichi imechanua, watu wanavua masweta na kuanza kuandaa mashamba. Hakuna anayelowa kwa makusudi. Waambie hao wenzako kwenu hamna desturi hiyo. Au sema una mafua, si dhambi.

Kwamba umeshika lugha yao hadi unaimba nao, nimewatangazia kina mama wote wa kwaya, wamechoka kunisikia. Lakini Jumapili mbili hupigi simu, halafu nakuona kwenye picha mtoni. Hiyo si tabia niliyokulea nayo.

Huku mvua bado inanyesha, bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Ng'ombe amezaa ndama jike. Parachichi tumeanza kuchuma, ila mnunuzi amekuja na bei ya kutukana, baba yako kamrudisha na gari lake tupu, sasa tunaangaliana. Lile koti zito la baba yako lipo nyuma ya mlango. Tuliposema litafaa, nani alisema litajaza begi? Basi, yameshapita. Ukisikia kuna mtu anakuja huko, nijulishe mapema nilifue.

Soksi za sufu ulinunua, au ile hela ilikwenda kwenye mambo mengine? Nijibu hilo kwanza. Na Jumatatu hiyo nitapiga mimi asubuhi, nikute uko chumbani, mkavu.

Mdogo wako akikuomba hela ya bando, usimpe. Nimempa juzi.

Mama yako