Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: tufundisheni bastola mlizoturuhusu kubeba

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Mafinga, wilayani Mufindi, ambako saa mbili hii ya asubuhi ukungu bado umeikalia barabara na malori yanapita yamewasha taa.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mbao. Nanunua miti ya paini inayovunwa Shamba la Miti Sao Hill, naipasua kwa mashine ya dingdong, mbao nyingine nauza hapahapa na nyingine zinakwenda Dodoma na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2011 nina leseni ya kumiliki bastola kwa ajili ya kujilinda, na siku nyingi natoka nayo. Siko peke yangu. Ukanda huu una wanunuzi wa viazi Njombe, wenye maduka ya jumla Mwanjelwa jijini Mbeya, wanaobadilisha fedha Tunduma, wanaopeleka dhahabu sokoni Chunya. Malipo ya simu yamepunguza kubeba noti, lakini vibarua wanaopakia fuso porini wanataka taslimu, na wanaotuwinda wanajua ni siku gani tunalipa. Baadhi yetu tuliomba silaha kwa njia halali tukapewa. Tunaibeba chini ya koti, ndani ya mkoba, chini ya kiti cha gari, mtu asiione.

Ombi langu nalitanguliza ili usilitafute mwisho wa barua. Naomba kila mtu mwenye silaha ya kujilinda, hasa sisi wa leseni za zamani, apitie mafunzo ya vitendo kabla ya kupokelewa malipo ya leseni yake, na mafunzo hayo yapatikane huku huku Nyanda za Juu Kusini.

Naomba hivyo kwa sababu nusura niue mtu.

Ilikuwa Julai 2018, saa tatu usiku, kati ya Makambako na Nyololo. Nilikuwa na fedha za mbao za fuso mbili. Tairi la pikapu likapasuka, dereva wangu akashuka kuhangaika nalo, mimi nikabaki ndani. Baridi ya Julai huku unaijua au umeisikia: nilivaa sweta mbili, koti juu yake, na kitenge nimejifunga mabegani. Mbele yetu, upande wa pili wa barabara, kulikuwa na lori limeegeshwa. Kutoka kwenye lile lori nikaona mtu anakuja kwa haraka, koti refu, kofia ya sufi imeshuka hadi machoni, na mkononi ameshika chuma.

Bastola ilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko miguuni. Nikavuta zipu, zipu ikauma kitenge. Nikaikwanyua, nikaingiza mkono katikati ya funguo, risiti na leso hadi nikaigusa. Sikuwa naweka risasi kwenye chemba, kwa hiyo ilibidi niikoki kwanza. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kiganja kikateleza. Nikajaribu tena, kikateleza tena. Wakati wote huo kidole changu cha shahada kilikuwa tayari kwenye kifyatulio, na mdomo wa bastola ulikuwa unaelekea mlangoni, upande uleule aliochuchumaa dereva wangu nje.

Yule mtu akafika dirishani akasema, "Kamwene, mama. Naona jeki yenu inawasumbua, nimewaletea ya kwetu."

Alikuwa utingo wa lile lori, kijana wa miaka ishirini na kitu. Chuma kile kilikuwa jeki. Alibadilisha tairi pamoja na dereva wangu, nikampa hela akakataa, akakubali chapati mbili zilizokuwa kwenye hotipoti. Hakuiona bastola, nilikuwa nimeifunika kwa kitenge. Mpaka leo hajui. Kilichomwokoa si busara yangu, ni baridi. Vidole vyangu vingekuwa na joto, mama yake angekuwa amezika, na mimi barua hii ningekuwa naiandikia gerezani, kama ningeiandika.

Nimeurudia usiku ule kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukueleza, na kila nikiurudia naona mambo niliyoweza kufanya kabla ya kugusa mkoba. Milango ningefunga. Taa kubwa ningeziwasha zimmulike, nione mikono yake vizuri. Ningeshusha kioo kidogo nikasema kwa sauti: simama hapo, wewe nani? Utingo angejibu. Jambazi naye angejua kwamba ameonekana. Sauti ndiyo silaha ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Leseni yangu niliipata chini ya sheria ya zamani, kabla ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yalianzia mtaani yakapanda ngazi kwa ngazi, na hilo nalisifu. Waliulizwa majirani, ikaangaliwa kama nimewahi kushtakiwa, nikaulizwa nitaihifadhi wapi. Kila meza ilitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani. Meza iliyotaka kujua kama naweza kuishika haikuwepo. Muuzaji alinionyesha jinsi ya kuingiza magazini, jinsi ya kuitoa, akanikabidhi kisanduku cha risasi. Dakika kumi hivi. Jeshi la Polisi lilipofanya uhakiki wa silaha nchi nzima mwaka 2016, nilipanga foleni, namba ikasomwa, ikalinganishwa na kitabu, nikarudi nayo nyumbani. Silaha ilihakikiwa. Mimi sikuhakikiwa.

Na sheria yenyewe ya kujilinda sikuijua. Nilidhani mtu akiingia kwako usiku, una ruhusa ya lolote. Ni baada ya usiku ule wa Nyololo ndipo nilikwenda kwa wakili, miaka saba baada ya kukabidhiwa silaha, akanifungulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, 18A mpaka 18C. Haki ya kujilinda ipo, yako, ya mwenzako na ya mali. Lakini nguvu unayotumia lazima iwe ile ya kiasi tu inayohitajika kwa kujilinda huko. Ukizidisha na mtu akafa, umetenda kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mtu anayekimbia na begi lako amekupa mgongo. Ni wangapi kati yetu tunaobeba bastola tumewahi kukaa chini na mtu wa sheria tukaulizwa, huyu unampiga, huyu humpigi, na kwa nini?

Nina mdogo wangu anaishi Houston, Marekani. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba kubeba silaha iliyofichwa ni ujuzi wenye darasa lake. Katika jimbo lake la Texas, anayetaka leseni ya kubeba bastola hukaa darasani kwa muda wa saa nne hadi sita. Anafundishwa sheria ya matumizi ya nguvu, namna ya kumaliza ugomvi bila kupigana na namna ya kuiweka silaha mbali na watoto, kisha anapiga risasi 50 mbele ya mkufunzi, akiwa yadi 3, yadi 7 na yadi 15. Tangu Septemba 2021 jimbo hilo limewaruhusu watu wazima wengi kubeba hata bila leseni, na hilo sikuombi ulifuate hata kidogo. Karibu zaidi na sisi iko Afrika Kusini, ambako sheria yao ya mwaka 2000 inadai cheti cha umahiri kabla ya leseni, na leseni ya silaha ya kujilinda huisha baada ya miaka 5.

Mdogo wangu alinieleza pia habari ya Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, aliyeandika mwaka 1983 kuhusu jaribio alilofanya: mtu mwenye kisu aliyesimama futi 21, kama mita sita na nusu, anakufikia kwa takriban sekunde moja na nusu, na huo ndio muda ambao askari aliyezoea anautumia kuchomoa bastola na kufyatua. Askari ana bastola kiunoni, nje ya nguo. Mimi nilikuwa na zipu, kitenge na ganzi. Niliposikia hivyo nilielewa kwamba mkoba wangu haujawahi kunilinda hata siku moja. Zaidi ya hapo, mkoba ndicho kitu cha kwanza anachokwapua mtu wa bodaboda. Akiondoka nao pale Mwanjelwa au stendi ya Mafinga, ameondoka na bastola ambayo serikali imeisajili kwa jina la mama wa mbao, na itakayofanyika nayo kesho yake siwezi kuizuia. Sasa naivaa kiunoni, kwenye ala ngumu ya ngozi inayofunika kifyatulio, na nimejifunza peke yangu mbele ya kioo, bila risasi, kunyanyua koti kwa mkono wa kushoto kabla mkono wa kulia haujashuka. Kujifunza peke yangu mbele ya kioo si utaratibu wa nchi, Mheshimiwa.

Mafunzo yakija, naomba yawe ya huku. Yasiwe ya mtu kusimama uwanjani mchana wa jua, amevaa shati jepesi, akitoboa karatasi. Tuje na makoti yetu ya Julai. Tuje alfajiri, mikono ya baridi. Tufundishwe kutoa silaha ukiwa umekaa garini na mkanda umeufunga, na tufundishwe zaidi kuirudisha mahali pake bila kuitumia. Tufundishwe kutambua kitu kilicho mkononi mwa mtu gizani, kwamba ni jeki au ni panga. Tufundishwe kumwambia askari anayefika baadaye kwamba mimi ndiye niliyepiga simu, huku silaha iko chini na mikono iko juu, asije akanidhania jambazi.

Na tufundishwe kuangalia kilicho nyuma ya shabaha. Jeff Cooper, Mmarekani aliyeanzisha shule ya bastola Arizona mwaka 1976, alieneza kanuni nne ambazo wakufunzi wengi duniani wanazifuata: kila silaha ichukulie kwamba ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga, jua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Usiku ule nilivunja zote nne ndani ya nusu dakika. Ile ya nne ndiyo inayonikosesha usingizi kwa ajili ya mji wetu. Njoo uone vitongoji vyetu: vibanda vya mabanzi, maduka ya mbao, kuta za inchi moja. Risasi ya bastola inaupita ukuta wa namna hiyo kama haupo, inamkuta mtoto wa jirani amelala. Anayepiga risasi chumbani kwake Mafinga anapiga nyumba tatu.

Juu ya pombe nitasema kwa ufupi. Msimu wa ulanzi nimeona mwanamume mzima amekaa kilabuni na bastola imevimba chini ya shati, na kila mtu anajua. Mafunzo yamwambie usoni kwamba bastola na pombe havikai pamoja, na leseni yake imwambie zaidi.

Najua hoja itakayokuja mezani kwako: kuwafundisha raia ni kuongeza wapigaji. Nimeifikiria kwa dhati. Raia ninaowasemea tayari wana bastola na risasi, na serikali imewasajili kwa majina. Kinachobaki kuchagua ni kama atakayekutana nao usiku barabarani atakutana na mtu aliyefunzwa kusubiri au mtu mwenye hofu na kidole kwenye kifyatulio. Mwingine atasema hakuna mahali. Kambi za JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ziko Mafinga na Itende, Mbeya, na vijana wanaopita huko hufundishwa kulenga shabaha. Wizara yako ikizungumza na Wizara ya Ulinzi, tupewe Jumamosi chache kwa mwaka chini ya wakufunzi wa polisi. Gharama tutalipa sisi wenyewe. Tunalipia leseni, tunalipia risasi, tutashindwaje kulipia hili? Naomba pia wakufunzi wanawake wawepo, maana namna mama anavyovaa na anavyobeba mizigo si ile ya mwanamume, na kuna maswali hatutamwuliza mwanamume.

Asiyetaka kufunzwa airudishe silaha. Nalisema hili nikijua kuna wenzangu watakaonichukia kwa ajili yake.

Utingo yule sijawahi kumwona tena, ingawa kila lori lililoegeshwa Nyololo nalitazama. Siku utakayotangaza Jumamosi ya kwanza, nitafika kambini mapema, na koti langu la Julai, na bastola ikiwa haina risasi, niandikwe jina.

Mfanyabiashara wa mbao,
Mafinga, Mufindi