Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: dirisha la wazee lipime na kumbukumbu

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tukuyu. Mama mkwe wangu anatibiwa presha bure kwa kitambulisho cha mzee, na kwa hilo tunashukuru. Anapimwa presha, anapimwa uzito, anapewa vidonge vya mwezi, anaitwa anayefuata. Hakuna aliyewahi kumuuliza leo ni siku gani.

Vidonge vyenyewe alikuwa anarudia kumeza, kwa kuwa hakumbuki kama ameshameza. Sasa navifungia kabatini. Usiku wa Julai, baridi ya huku unaijua, anajifunga kitenge na kutoka kwenda kuchuma chai kwenye shamba lililouzwa zamani. Tumehamishia komeo juu kabisa ya mlango. Biashara yangu ya ndizi nimeiacha. Hakuna aliyeniambia niiache, ila mambo haya huwa yanatuangukia sisi wakamwana.

Majirani wengine wanasema ni uzee. Wengine wanasema karogwa. Wapo wanaonong'ona kwamba mchawi ni yeye, maana mtu mzima anatafuta nini nje usiku wa manane? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nchini humu wazee wameuawa kwa tuhuma nyepesi kuliko hiyo.

Ugonjwa huu wa kusahau, dimensia, Shirika la Afya Duniani linasema una wagonjwa zaidi ya milioni 55, na wengi wao wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti walipopita vijiji vya Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanao. Kazi hiyo ya Hai ilizaa kipimo kifupi kisichomtaka mzee ajue kusoma: anapewa maneno ayakumbuke, anaulizwa maswali machache, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Njiti za kiberiti, Daktari! Zahanati gani itakosa?

Najua dimensia nyingi hazina dawa ya kuponya. Lakini kusahau kwingine kunatokana na sonona, tezi la shingo au upungufu wa vitamini B12, na hayo yanatibika. Presha mnayoipima kila mwezi nayo ni mojawapo ya vichochezi.

Naomba muuguzi wa dirisha la wazee afundishwe kipimo hicho, na mzee akionekana anasahau, dawa akabidhiwe anayemtunza, kwa maelezo. Naomba pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wautaje ugonjwa huu kwa jina lake kwenye mikutano ya vijiji. Mimi nikiutaja, naonekana namtetea mkwe wangu. Akiutaja mtu wa afya, watasikiliza.

Wako,
Mkamwana, Tukuyu

Nakala: Afisa Ustawi wa Jamii, Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe