Ekseli ya treni haitaki gundi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu wa Lamu, aliyeandika katika ukurasa huu kwamba kichwa cha treni ya kuchezea kikikatika ekseli, dawa yake ni supaglu. Kwa heshima zote, nampinga.

Mimi ni fundi saa hapa Malindi. Mji wetu una nyumba nyingi za Waitaliano, na wakiuza na kurudi kwao, vyombo huishia kwa watumishi na wauza mitumba. Humo ndimo zinamotoka treni za kuchezea za kampuni ya Lima, zilizoundwa Vicenza huko Italia, na za Rivarossi ya Como. Ni kazi ya maana ile. Kati ya reli zake mbili mna upana wa mm 16.5, na kipimo ni 1:87, yaani treni ya kweli ni kubwa mara 87. Piga hesabu utapata karibu mm 1,435, upana ule ule wa reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Mombasa mwaka 2017. Mtoto wa Malindi, ambaye kuona treni lazima apelekwe Mombasa, amewekewa treni ya kweli sebuleni. Inaniuma kuona kitu kama hicho kikitupwa jaani, au kikiharibiwa na gundi kabla hakijafika kwa fundi.

Ekseli yenyewe, ile ya chuma, huvunjika mara chache, labda kichwa kianguke sakafuni au mtu alazimishe gurudumu lililokwama. Kinachopasuka zaidi ni plastiki iliyovalishwa juu yake, gia au bushi. Kiwandani ilitiwa kwa kubana. Miaka ikipita plastiki husinyaa, chuma hakisinyai, mwisho gia hupasuka kati ya meno mawili. Utasikia tik, tik, kila gurudumu likimaliza mzunguko, au mota itazunguka na treni isiondoke. Gia hizo nyingi ni za nailoni au plastiki nyingine inayoteleza, na supaglu haiishiki plastiki ya namna hiyo. Itakaa kidogo, kisha mzigo ukiizidi inaachia. Wakati huo imeshapenya mpaka kwenye tundu la ekseli. Mama mmoja wa Maweni aliniletea kichwa cha mwanawe kilichotibiwa hivyo. Chini ya lenzi gundi ilikuwa imeganda nyeupe kama chumvi juu ya mwamba, na ekseli ilipotoka ilitoka na kipande cha fremu. Gia ile ilikuwa ya kubadilisha tu. Fremu ndiyo iliyotugharimu.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Kabla ya kuvua chochote, chukua vernia, kile chombo cha kupimia vitu vidogo, upime nafasi iliyo kati ya migongo ya magurudumu mawili, kwenye ekseli nzima ya kichwa hicho hicho. Kwa kawaida ni karibu mm 14.4, ila treni za zamani zenye ukingo mrefu wa gurudumu huwa chini ya hapo, kwa hiyo fuata ekseli iliyo mbele yako. Chuma cha ekseli mpya mimi hukitoa kwenye redio kaseti mbovu. Kile kijiti kinachovuta utepe kimenyooka, kimesuguliwa vizuri, na mara nyingi ni kama mm 2; kikizidi unene, fundi wa mashine ya kukereza atakipunguza. Tundu la gia mpya lipanue kidogo kidogo mpaka ekseli iingie kwa kubanwa taratibu kwenye jiriwa. Nyundo iweke mbali, maana gia iliyoingizwa kwa nguvu itapasuka tena.

Kuna jambo la hatari ambalo barua ile haikuligusa. Gurudumu la upande mmoja limetengwa na ekseli kwa plastiki makusudi, kwa sababu umeme wa volti 12 huingia kwa reli moja na kurudi kwa nyingine. Nimeona watu wakiweka bushi ya shaba badala yake, eti ni imara zaidi. Hapo reli mbili zinagusana na transfoma inachemka mtoto akiwa ameketi pembeni yake.

Na kama ni kichwa cha mvuke chenye vyuma vya kuunganisha magurudumu, pini za kulia na za kushoto zipishane kwa nyuzi 90 kwenye kila ekseli, la sivyo kitakwama. Ndivyo ilivyo hata kwa injini kubwa. Mwenye shaka akaitazame injini ya mvuke ya aina ya Garratt nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, kwenye makumbusho ya reli jijini Nairobi.

Ndugu yangu wa Lamu, kama kichwa chako bado unacho, tafadhali usikikwaruze, wala usiipake gundi hiyo dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Itayeyusha bodi yote. Kitie kwenye kopo pamoja na kila kipande kilichovunjika, hata jino moja la gia, maana vipande ndivyo vinavyonipa kipimo. Kivushe mpaka Mokowe, umkabidhi kondakta wa basi la Malindi.

Fundi saa,
Malindi