Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Mkutubi na Paka Wake

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Hesabu atawasomea mweka hazina. Langu ni moja tu, kwamba wanaodaiwa ada wanajijua. Vikao vya Jumamosi vimeendelea, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Mengine yote ya mwaka huu yamemezwa na hadithi moja.

Mkutano uliopita mliazimia tuandike kwa pamoja hadithi ya upelelezi, ile isiyo na damu: mpelelezi raia wa kawaida, mji ambao watu wanajuana, na mwishoni mkosaji anabainika. Mkamchagua mkutubi wa hapa Tanga na paka wake. Wapo walionong'ona kuwa hayo ni mambo ya Kizungu. Sikubaliani nao. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, yupo vitabuni tangu 1960, naye alitegemea kiko na akili, si cheo cha upolisi. Na kwa kujuana, kipi kijiji cha Uingereza kitakachoishinda Ngamiani yetu ya hapa Tanga, ambako barabara zina namba na jirani anajua umepika nini?

Kinachopotea ni utenzi wa hati za Kiarabu ambao familia moja imeuazimisha maktaba. Hilo halikuleta ubishi. Pwani hii ndiyo ya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na Shaaban Robert amezaliwa hapa jirani, Vibambani, mwaka 1909.

Ubishi ulikuwa juu ya paka, na kikao kimoja nusura kivunjike. Vijana walitaka afungue kabati kwa ukucha, kisha amtajie mkutubi nani mwizi kwa kumnyooshea mguu. Bi mkubwa mmoja akauliza: huyo paka au jini? Niliunga mkono upande wake, na naomba iandikwe hivyo. Paka hunusa, hulala juu ya karatasi unayoisoma, na hugoma kuondoka mahali. Akizidisha hapo, mkutubi hana kazi.

Tulikubaliana hivi. Paka anang'ang'ania rafu tupu, ananusa na kulia. Mkutubi anajiuliza: rafu ambayo haijawahi kuwekwa chakula, huyu anatafuta nini? Basi mtu alitua hapo mkoba wenye ng'onda, samaki wa kukaushwa, alipokuwa akichukua utenzi. Na nani alinunua ng'onda? Jibu liko sura ya pili, katikati ya vitu vya sokoni, kati ya nazi na ndimu. Wengi wetu tulipita bila kuliona. Mama aliyelipachika pale anastahili pongezi kuliko sisi sote, kwani msomaji amepewa haki yake na bado anachelewa.

Mkosaji ni mjukuu wa familia yenyewe, aliyeogopa utenzi usije ukauzwa. Kwenye sura ya mwisho anaurudisha barazani, kahawa inanywewa, anasamehewa. Mimi ningepunguza sukari pale. Kura zilinishinda.

Sura ya nne bado ina wageni wengi wasio na kazi. Wahariri wawapunguze kabla hatujapeleka mswada steshenari kutoa nakala. Anayetaka nakala ajiandikishe kwa katibu leo, na alipe kabisa. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi. Majina yapokewe baada ya chai.

Mwenyekiti