Asali yako nimeipakia basi la asubuhi

Mokowe, Lamu

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na salamu za mama pia, ambaye kila siku ananiuliza lini utaleta hao watoto awaone. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona hasira kidogo. Ati nyuki wa msitu wa Boni wameunda chama cha wafanyakazi ndiyo maana asali imepanda bei! Kisha unauliza kama uje na watoto kwa Maulidi. Nimeamua kukuandikia, maana kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Asali unayoitaka wewe, ile nyeusi inayokwaruza koo, haitoki kwenye mizinga ya mashamba ya Mpeketoni. Inatoka msituni kwa Waaweer, hawa tunaowaita Waboni, na mimi naipata kwa mzee mmoja wa upande wa Basuba ambaye nimefanya naye biashara tangu kabla hujaolewa. Unamkumbuka, yule aliyekuja na dumu begani ukamcheka kwa kupiga mbinja njiani kama mtoto. Ile mbinja ndiyo kazi yake. Anamwita ndege, ndege anamjibu, anamtangulia mti kwa mti mpaka penye mzinga. Akishapakua, humwachia ndege sega lake. Asipomwachia, anasema, siku nyingine atampeleka kwa chatu.

Wewe uliondoka 2013, kwa hiyo haya yote umeyasikia redioni. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wa Mpeketoni walikuwa wanatazama Kombe la Dunia wakavamiwa, na kufikia siku mbili baadaye waliouawa pale na vijiji vya jirani walikuwa wamepita 60. Julai ikawa zamu ya Hindi na Gamba, huku huku kwetu pwani. Aprili 2015 Garissa, wengi wanafunzi wa chuo kikuu, wakauawa watu 148. Hapo kila mtu alikuwa ameshajua kwamba kundi linajificha msitu wa Boni, kikosi cha al-Shabaab kinachoitwa Jaysh Ayman. Na lililotuuma zaidi huku pwani ni kwamba wengi wao hawakuwa wageni. Ni vijana wa Kenya hii hii, wanazungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Vijiji vya mpakani waliingia msikitini, wakawakalisha watu, wakahubiri, wakachukua unga na sukari, wakarudi porini.

Septemba 2015 serikali ikafungua Operesheni Linda Boni. Jeshi na polisi pamoja: KDF, yaani jeshi la Kenya, polisi wa kawaida, polisi wa utawala, na GSU, kikosi maalumu cha polisi. Ilitangazwa itachukua siku 90. Mzee wangu alihesabu kwa vidole akaniambia, "Siku tisini ni msimu mmoja wa asali. Nitavumilia."

Shoga, alivumilia msimu huo, na uliofuata, na uliofuata. Operesheni ikaja ikabadilishwa jina ikaitwa Amani Boni, na watoto waliozaliwa mwaka ilipoanza wamekuwa wakubwa wa kutumwa dukani.

Mimi siwalaumu askari kwa hilo la siku. Aliyezitaja hizo siku 90 hakuwahi kuingia mle ndani. Hifadhi za Boni na Dodori peke yake zinapita kilomita za mraba 2,000, bado hujahesabu msitu unaoendelea Ijara na ng'ambo ya mpaka Somalia. Kichaka kimefumana hivi kwamba nyati anaweza kuwa hatua kumi kutoka kwako umsikie pumzi tu. Watu wachache wenye bunduki wakihama kila siku mbili tatu, utawatafuta kwa nini? Jeshi lilipiga mabomu kwa ndege, likaweka kambi, likavunja maficho. Wale wakagawanyika vikundi vidogo, wakaacha kupigana uso kwa uso, wakaanza kutega mabomu njiani. Ile barabara ya mchanga ya Hindi kwenda Kiunga imekula malori ya jeshi na ya polisi bila kubagua. Ilifika mahali dereva anayeijua anaomba dua kwenye kila dimbwi, maana hujui chini ya maji kuna nini.

Sasa turudi kwenye asali. Kupakua asali ya porini kunataka moshi. Na moshi ukipanda juu ya msitu ambao unatafutwa na helikopta, wewe mwenyewe jaza. Mzee aliniambia mara moja alikuwa juu ya mti, mwenge mkononi, akasikia ndege inageuka. Aliuzima ule moto kwa kanzu yake. Nyuki walimfanya uso kama boga, na alikaa chini ya mbuyu mpaka magharibi akiogopa kutembea. Aliogopa pande zote mbili, unanielewa? Akikutana na wale wa porini, watamwita mpelelezi wa serikali. Akikutana na doria, atakuwa mtu aliyetoka msituni na dumu la chakula, anampelekea nani? Waboni wamesemwa sana kwamba wanawalisha magaidi. Wewe mtu mwenye bunduki akija kwako usiku akakuomba ugali, utamwuliza kitambulisho?

Basi msitu ukafungwa kwa wale wale wanaoujua. Na si mara ya kwanza. Wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga kaskazini mashariki, miaka ya sitini, serikali iliwatoa msituni ikawaweka vijijini kandokando ya barabara, kisha 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Kilichobaki kikawa asali na vishamba vya mahindi. Shule zao tano, Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa 2014 walimu walipokimbia, na baadaye wanajeshi wenyewe wakashika chaki wakafundisha watoto. Hilo nalitaja kwa heshima. Nimesikia kijana wa Basuba akihesabu moja mpaka kumi kwa lafudhi ya kibara safi kabisa, nikajua mwalimu wake alikuwa nani.

Vizuizi navyo ni hadithi. Huku tumejifunza tofauti: polisi anakuuliza kitambulisho, mwanajeshi anakuuliza unatoka wapi na umemwona nani. Mwaka mmoja nilikuwa nateremsha madumu manne ya lita ishirini, tukasimamishwa. Kijana mmoja mrefu akataka kujua ndani mna nini. Nikamwambia asali. Hakuamini, na kusema kweli kazi yake ilikuwa kutoamini. Akachukua chuma chembamba akakizamisha mpaka chini, akakoroga, akakitoa kinachuruzika. Akakinusa. Akalamba. Kisha akaona vitu vyeupe vimeganda kwenye chuma akaniangalia kwa huruma: "Mama, hii ina wadudu." Nikamweleza ni majana, watoto wa nyuki, mzee ameyakamua pamoja na masega, na yana nguvu kuliko asali yenyewe. Abiria wote wakacheka, naye akacheka, akanunua nusu lita ampelekee mamake. Ila madumu matatu aliyoyakoroga yalichachuka, maana chuma kilikuwa na maji. Hasara ile nilikuongezea wewe kwenye bei, sikufichi.

Usije ukadhani natania tu. Julai 2017 ilitukata maini. Pandanguo walivamiwa, askari wakauawa, kijiji kizima cha Waboni kikakimbilia Witu na magodoro kichwani. Siku chache baadaye, vijiji vya Jima na Poromoko, watu wakachinjwa. Siku chache tena, Mariam El Maawy, Katibu wa Wizara, binti wa huku kwetu, akashambuliwa barabarani karibu na Milihoi. Wanajeshi walimwokoa akiwa hai, lakini Septemba akafariki hospitalini Afrika Kusini. Januari 2020 kambi ya Manda ikavamiwa, wakauawa Wamarekani watatu. Januari 2022 kijiji cha Widho kikavamiwa, na kafyu ikarudi. Kila tukianza kuanika nguo nje usiku, kunatokea jambo.

Ukiniuliza kama operesheni imefaa, nitakujibu kwa madumu. Kabla ya 2014 mzee alikuwa ananiletea hata dumu kumi msimu mzuri. Kuna mwaka aliniletea moja. Msimu huu ameniletea manne. Lami imefika mpaka Mokowe, na lami si rahisi kuifukua kama mchanga. Mabasi yanapita, mara nyingine kwa msafara wa polisi kutoka Gamba. Baadhi ya vijana wa Kiboni wamechukuliwa polisi wa akiba, jambo lililopaswa kufanywa siku ya kwanza, maana mtu anayesoma unyayo wa digidigi hashindwi na unyayo wa buti. Mzee huaga kambini kwa askari anapoingia msituni, anarudi kabla ya alasiri, na huwaachia nusu chupa. Anasema sasa ana ndege wawili wa kuwaachia sega.

Kwa hiyo kuhusu Maulidi, njoo. Panda basi la asubuhi, usichukue la mchana, na kitambulisho kiwe mkononi, si chini ya begi chini ya nguo za watoto kama kawaida yako. Mtashuka mara mbili tatu kukaguliwa, ndipo boti ya Amu, kisiwani Lamu.

Mzigo wako kondakta atauacha ofisini kwao Mombasa. Lile dumu la lita tano ni lako, usilitie kwenye friji, na usilichemshe kama mwaka ule. Chupa ndogo yenye kitambaa cha kijani ni ya mama mkwe wako. Hiyo nimeichuja mara tatu, haina majana, maana ninamjua.

Wasalaam,
Shoga yako wa Mokowe