Simu za watu nazitengeneza, ila kwa binti yangu nimekwama

Ndugu mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Mimi ni fundi simu hapa Mpanda. Mtu akitaka kujaza fomu ya ajira mtandaoni, kufungua akaunti iliyofungwa au kujua kama simu aliyouziwa ni feki, anakuja kibandani kwangu. Ndiyo maana naona haya kidogo kuandika barua hii, maana shida yenyewe ni ya kutafuta habari kwenye intaneti.

Binti yangu ana miaka minne. Mwaka jana aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akapona, tukamshukuru Mungu. Aliporudi nyumbani tukaona akiitwa haitiki. Hospitali tuliyokwenda mwanzo walisema bado amechoka na ugonjwa, usikivu utarudi wenyewe. Miezi ikapita. Maneno aliyokuwa nayo yakaanza kumtoka. Majina ya wanyama yalitangulia kupotea, siku hizi amebaki na "mama", "baba" na "sitaki". Hilo la mwisho analisema vizuri sana.

Baadaye tulipata rufaa, akapimwa na mashine akiwa amelala. Masikio yote mawili hayasikii. Daktari wa huko alituketisha akaeleza bila haraka: ugonjwa umeharibu koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Kwa watoto waliougua uti wa mgongo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa, na ikishajaa, kupandikiza kifaa cha usikivu kunakuwa kugumu au kusiwezekane kabisa. Akatuandikia twende Muhimbili, ambako upandikizaji huo umekuwa ukifanyika tangu 2017. Huko atapigwa picha ya sikio la ndani ndipo waamue. Akasema tusikae na hiyo karatasi.

Tangu hapo, nikishafunga kibanda, nakesha na simu.

Wa kwanza kunipokea walikuwa wauza dawa. Matone, mafuta ya kitunguu saumu, na shuhuda za watu waliosikia tena baada ya kutumia chupa mbili. Hao sikuhangaika nao. Tone la dawa linaishia kwenye ngoma ya sikio, na tatizo la mwanangu liko ndani zaidi. Taabu ni kwamba tangazo mojawapo nilitumiwa na kaka yangu mkubwa, aliyenisomesha, pamoja na pesa ya kununulia. Nimemshukuru. Pesa nimeiweka kwenye nauli ya Dar, naye bado anauliza kama matone yameanza kufanya kazi.

Halafu kuna vifaa vya kusikia vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya simu ya kitochi. Nilinunua kimoja nikakifungua mezani. Ndani kuna kinasa sauti, amplifaya ndogo, spika na betri. Basi. Kinakuza kila kitu kwa pamoja: sauti ya mama yake, pikipiki, sufuria ikianguka. Shimesikio halisi, yaani kifaa cha kusikia chenyewe, hurekebishwa kufuata majibu ya vipimo vya mtoto mwenyewe, sauti nyembamba kivyake na nene kivyake, na kipande cha kuingia sikioni huchongwa kwa kipimo cha sikio lake. Wazazi wenzangu, kama mnakitazama kifaa kama hicho, tunzeni hela yenu. Na hata shimesikio zuri, daktari alisema, kwa kiwango cha binti yangu huenda lisifue dafu.

Hayo ya ufundi nayaweza. Lililonishinda ni lugha.

Nilianza kumfundisha ishara kutoka kwenye video za Wamarekani, kwa kuwa ndizo nyingi na zimetengenezwa vizuri. Alizidaka haraka kuliko mimi: maji, maziwa, bado, imekwisha. Usiku wa kwanza alipoomba maji kwa mkono, mke wangu alitoka nje akalia. Wiki hiyohiyo akaja mteja wangu mmoja, kijana kiziwi ambaye huwa tunaongea kwa kuandikiana kwenye simu. Akamwona mtoto, akacheka, akaandika: "Huyu anaongea Kimarekani." Ndipo nikajua kuwa viziwi wa dunia hawana lugha moja. Waingereza wanatumia mikono miwili hata kwenye alfabeti, Wamarekani mmoja. Kenya wana yao, na Katiba yao ya 2010 imeiweka kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Sisi tunayo Lugha ya Alama ya Tanzania, na kijana huyu anasema hata humu nchini baadhi ya ishara hutofautiana kutokana na shule mtu aliyosoma. Aliniambia niwatafute CHAVITA, chama cha viziwi. Kisha akanifundisha ishara kadhaa palepale huku nikimbadilishia kioo. Lakini yeye ni dereva wa bodaboda, anapita siku anayopita. Siwezi kumfanya mwalimu wa familia nzima bila kumlipa, naye hataki kulipwa.

Nikizidi kusoma nakuta ugomvi. Wengine wanaandika kwamba mtoto anayetarajia kipandikizi asioneshwe ishara hata moja, atakuwa mvivu wa kuongea. Wengine wanasema kumpasua mtoto ni kumwambia kuwa alivyo hafai. Ugomvi wenyewe ni mzee: mwaka 1880 walimu walikutana Milan wakapitisha kwamba shuleni watoto viziwi wafundishwe kwa kuongea tu, na mkutano wa walimu wa viziwi ulikuja kuyakataa maazimio hayo 2010 kule Vancouver. Mimi naona mtoto wa miaka minne hawezi kukaa bila lugha huku wakubwa wakimalizana. Lakini hayo ni yangu, na mimi ni fundi simu.

Nyumbani nako hatujaafikiana. Mimi nataka tuuze kiwanja twende Dar na karatasi yetu. Mke wangu anasema, na sina jibu la kumpa: kiwanja kikiisha na picha ikionesha koklea imeshajaa, tutarudi na nini? Yeye angependa mtoto aanze shule mapema. Shule za viziwi tunazozisikia, Tabora, Buguruni, Njombe, Mwanga, zote ziko mbali na hapa, na kumpeleka bweni mtoto mdogo hivi hataki kusikia. Kitengo cha wanafunzi viziwi ndani ya shule ya kawaida kingetufaa, sema sijajua nani wa kumwuliza kama kipo karibu.

Kwa hiyo naomba ushauri, hasa wa wazazi waliokwishapita huku na wa viziwi wenyewe. Je, kuna aliyemwonesha mtoto ishara kabla ya upasuaji, na ilikuwaje baadaye kwenye kuongea? Hizi ishara za Kimarekani alizozizoea, nimwachie kwa sasa au nizibadilishe mapema kabla hajajenga mazoea? Mtu aliye mbali na Dar anaipataje lugha yetu, kwa video au kwa mtu wa kumfundisha?

Na waliopandikiziwa watoto wao, niambieni ya baada ya upasuaji, maana huko maelezo mengi yanaishia pale mtoto anaposikia sauti kwa mara ya kwanza, watu wanalia, video inakwisha. Marekebisho ya kile kifaa cha nje, sehemu ya kipandikizi ambayo mtoto anaivaa, yanakutaka urudi hospitali mara ngapi kwa mwaka? Mazoezi ya kuongea mnayapata kwa nani mkiwa mikoani? Waya ukikatika au betri ikichoka, mnaagiza wapi na kwa bei gani, na mtoto anakaa kimya muda gani akisubiri?

Ni mimi,
Fundi simu,
Mpanda, Katavi.